Kupanga Spika za Sauti ya Mzunguko Katika Sebule Yenye Umbo Gumu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ndiyo ninayoulizwa na wenye nyumba wa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, kila ninapoitwa kufunga spika katika sebule ambayo haina pembe nne za kawaida. Nyingi kati ya sebule hizo zilipata umbo lake pale mwenye nyumba alipovunja ukuta wa chumba cha pili ili apate nafasi, au alipoziba sehemu ya ukumbi, au alipojenga baraza ya mbele ikawa sehemu ya ndani. Majibu yanamlenga mtu mwenye risiva (mashine inayopokea sauti na kuigawa kwa spika), spika tano na spika ya besi. Hapa kwetu neno sabufa limezoeleka kumaanisha seti nzima inayouzwa katika boksi moja, kwa hiyo ili tusichanganyane nitaita kile kisanduku kikubwa cha sauti nzito spika ya besi.

Sebule yangu ina umbo la herufi L. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kochi, wala usianzie kwenye kuta. Sauti ya mzunguko, yaani sauti inayokufikia kutoka mbele, kando na nyuma, hupangwa kwa kufuata masikio ya aliyekaa, na chumba kinapokuwa na umbo gumu, kosa kubwa ni kujaribu kukijaza chote kwa spika, moja kila kona, mpaka upande wa pili wa L. Chagua ndani ya sebule mstatili mmoja unaoweza kukaa runinga upande mmoja na kochi upande wa pili, uuchore sakafuni kwa chaki, kisha uhesabu kwamba hicho ndicho chumba chako na kwamba sehemu iliyobaki ni jirani yake tu. Meza ya chakula iliyo kwenye mkono mfupi wa L haihitaji spika. Anayekula pale atasikia, lakini mpangilio haukufanywa kwa ajili yake.

Runinga iwekwe kwenye ukuta upi?

Watu wengi huiweka pale palipo na soketi na waya wa king'amuzi, na jambo hilo peke yake limeharibu sebule nyingi kuliko ubovu wa spika. Simama mbele ya kila ukuta unaofaa, utazame kushoto na kulia kwa kiasi cha mita moja na nusu. Ukuta mzuri ni ule ambao pande zake mbili zinafanana: ama kuta za kando ziko umbali ulio sawa, ama pande zote mbili ziko wazi. Spika ya kushoto ikibanwa kwenye kona ilhali ya kulia imeelekea kwenye uwazi wa L, ile ya kushoto itatoa sauti nzito na nene, ya kulia itasikika nyembamba, na maneno yatakayopaswa kutoka katikati ya kioo yatavutwa upande mmoja. Mara nyingine dawa ni kugeuza mpangilio mzima ili runinga ihame kutoka ukuta mrefu kwenda ukuta mfupi. Kuhamisha soketi ni kazi ya siku moja kwa fundi umeme, na wewe utaishi na sauti hiyo kwa miaka.

Ikiwa kuhama hakuwezekani, isogeze spika iliyo kwenye kona iwe angalau nusu mita kutoka kwenye kuta zote mbili, na upande ulio wazi tundika pazia zito kutoka darini hadi sakafuni. Pazia halitakuwa ukuta, lakini litapunguza tofauti ya sauti nyembamba.

Spika mbili za mbele ziachane kwa umbali gani?

Kanuni inayotumika katika studio, ambayo imo katika pendekezo la shirika la kimataifa la mawasiliano ITU, inaziweka spika za kushoto na kulia kwenye pembe ya nyuzi 30 kila moja kutoka mstari wa katikati, ukipima kutoka kichwani mwa msikilizaji. Huhitaji kifaa cha kupimia pembe. Pembe hizo zinaunda pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa, kwa hiyo kamba ya katani inatosha. Mtu akae kwenye kochi ashike ncha moja usawa wa pua, nawe uivute kamba hadi mahali pa spika ya kwanza, ufunge fundo. Urefu huohuo upimie mahali pa spika ya pili, kisha uhakikishe kwamba kutoka spika hadi spika ni fundo lilelile. Kama kochi liko mita 2.8 kutoka kwa kila spika, basi spika nazo ziachane mita 2.8. Katika sebule nyembamba unaweza kupunguza kidogo, lakini zikikaribiana mno utasikia kana kwamba kila kitu kinatokea ndani ya runinga.

Sehemu inayotoa sauti nyembamba iwe usawa wa masikio ya aliyekaa, ambao kwa makochi mengi ni kama mita moja kutoka sakafuni.

Spika ya katikati ina umuhimu gani?

Ndiyo inayobeba maneno. Mama mmoja wa Chumbageni aliniita baada ya kununua seti nzuri kabisa, akaniambia, "Mwanangu, mbona huyu bwana wa taarifa anaongea kama amefungiwa kabatini?" Nilipochungulia chini ya runinga nikaona spika ya katikati imesukumwa hadi mwisho wa rafu, mbele yake kuna vitambaa vya kufuma na sanduku la tishu. Niliivuta mpaka uso wake ukalingana na ukingo wa rafu, nikaweka vipande viwili vya mpira chini ya ukingo wake wa mbele ili iangalie juu kuelekea masikioni, na pale pale yule bwana akatoka kabatini. Kazi hiyo haikuchukua dakika tano.

Upande mmoja wa kochi hakuna ukuta kabisa. Spika za nyuma nitazifunga wapi?

Hili ndilo swali linalosumbua zaidi, na inafaa tulijibu kwa utulivu.

Katika mpangilio wa spika tano, zile zinazoitwa za nyuma hazipaswi kuwa nyuma hasa. Mahali pake ni kando ya msikilizaji na nyuma kidogo, kati ya nyuzi 100 na 120 kutoka mbele. Tuseme ukuta wa kushoto uko mita 1.9 kutoka kichwani mwako. Ukitaka nyuzi 110, spika iwe nyuma ya mstari wa masikio kwa takriban sentimita 70, nayo iinuliwe kidogo juu ya usawa wa masikio ili mwili wa aliyekaa pembeni yako usiizibe. Upande wa kulia, ambako hakuna ukuta, una njia tatu. Ya kwanza, ambayo mimi huipendelea, ni stendi: bomba au nguzo ya mbao iliyosimama juu ya kitako kizito, mahali palepale ambapo spika ingekuwa kama ukuta ungekuwepo. Ya pili ni kuitundika kutoka darini, lakini ifungwe kwenye mbao zinazobeba dari na kamwe isifungwe kwenye jipsam yenyewe, kwa sababu jipsam hutetemeka na mwishowe huachia. Ya tatu ni kuzipeleka spika zote mbili nyuma ya kochi kwa pembe zinazolingana.

Ninasisitiza neno kulingana. Ni afadhali spika mbili zilizokosea kwa kiasi kilekile kuliko moja iliyo mahali pake na nyingine iliyotupwa mita nne ndani ya mkono wa L. Na kama hakuna njia yoyote kati ya hizo, acha spika za nyuma kwa sasa. Spika tatu za mbele na ya besi, zikipangwa vizuri, zinatoa sauti ya kuridhisha kuliko tano zilizokaa ovyo.

Nimeshindwa kuziweka umbali sawa. Risiva haiwezi kurekebisha?

Inaweza kurekebisha mambo mawili, muda na nguvu. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika joto letu, maana yake kila sentimita 35 huichukua milisekunde moja. Spika moja ikiwa mita 1.2 kutoka kwako na mwenzake mita 2.4, ile ya karibu itakufikia milisekunde tatu na nusu mapema, na kwa hesabu ya mahali pa wazi itakuwa na nguvu zaidi kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ingiza umbali halisi wa kila spika kwenye risiva, nayo itaichelewesha ile ya karibu; nguvu yake uishushe kando, kwenye mpangilio wa kiwango cha kila spika. Kitu ambacho risiva haiwezi kubadilisha ni pembe: spika iliyo mbele yako haiwezi kuhamishwa nyuma yako kwa rimoti.

Ikiwa risiva yako ina maikrofoni ya kujipimia, iweke usawa wa kichwa mahali unapokaa, juu ya stendi badala ya mto wa kochi. Zima feni ya dari wakati wa kupima, kwa kuwa mvumo wake huchafua vipimo. Madirisha, kinyume chake, yaache kama yanavyokuwa siku zote. Kwa joto la Tanga watu wengi hukaa na luva wazi, na besi nyingi hutoka nje kupitia hapo, kwa hiyo ukipima madirisha yakiwa yamefungwa utakuwa umepima sebule ya mtu mwingine.

Besi inavuma sana kwenye kochi moja na haisikiki kabisa kwenye jingine. Spika ya besi ni mbovu?

Karibu kila mara spika ni nzima na tatizo ni mahali ilipowekwa. Sauti nzito ina mawimbi marefu: ile ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde), ambapo risiva nyingi huanza kuipelekea spika ya besi kazi, ina wimbi la zaidi ya mita 4. Mawimbi hayo hugonga ukuta, hurudi, na hukutana na yanayokuja. Mahali fulani yanajumlishana, mahali pengine yanafutana. Urefu wa chumba ukiwa mita 5.2, mvumo wa kwanza huja karibu na hezi 33. Upana wa mita 3.6 huleta mwingine karibu na hezi 48. Anayekaa katikati kabisa ya urefu huo anakosa ule wa kwanza, na anayeegemea ukuta wa nyuma anaupata kupita kiasi. Katika umbo la L hesabu hizi rahisi hazitoshi, kwa sababu wimbi linapinda na kuingia kwenye mkono wa pili, basi tumia masikio.

Fanya hivi. Ondoa mto wa kochi unalokalia, uiweke spika ya besi palepale juu ya kochi. Cheza muziki wa dansi wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka. Kisha tambaa kando ya kuta kwa magoti, kichwa kikiwa chini, ukisikiliza mahali ambapo kila noti inasikika kwa nguvu inayokaribiana, bila moja kuruka na nyingine kuzama. Weka alama ya chaki. Hapo ndipo spika ya besi itakapokaa, na wewe urudi kwenye kochi lako. Najua inaonekana ajabu mtu mzima kutambaa sebuleni kwake, na baadhi ya wazee huniachia mimi kazi hiyo, lakini sijaona njia ya haraka inayoishinda.

Ukishaipata, sikiliza kabati la vyombo. Katika nyumba nyingi glasi na sahani za maua hupiga kelele kwenye noti moja maalumu, nayo husingiziwa spika. Vipande vidogo vya kitambaa kizito chini ya rafu za vioo vinatosha.

Kila mtu akizungumza kuna mwangwi. Nitundike nini?

Sebule zetu zina sakafu ya marumaru, kuta za tofali zilizopigwa plasta na madirisha ya vioo, vitu ambavyo vyote huirudisha sauti. Piga kofi moja ukiwa katikati ya chumba. Ukisikia mlio kama wa chuma unaotetemeka baada ya kofi, kuta mbili tupu zinarushiana sauti. Ili kujua mahali pa kuanzia, kaa kwenye kochi na mwombe kijana apitishe kioo cha kujitazamia ukutani, usawa wa macho yako. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kabla ya kukufikia, na hapo ndipo panapohitaji kitu laini.

Khanga au pazia jepesi haligusi chochote isipokuwa sauti nyembamba kabisa. Mkeka wa ukili na busati la mkonge, vitu tunavyojivunia huku, ni vyembamba pia, ingawa ni bora kuliko marumaru tupu. Kinachofaa ni unene: zulia lenye manyoya mbele ya spika, pazia zito lenye mikunjo mingi, rafu iliyojaa vitabu, au fremu ya mbao yenye sponji ya sentimita 5 hadi 10 iliyofunikwa kitenge kinachopitisha hewa. Usifunike kuta zote, kwa kuwa sebule iliyouawa sauti kabisa huchosha.

Tunaishi katika nyumba ya kale yenye vyumba virefu na vyembamba. Je, inawezekana?

Inawezekana, kwa kiasi. Nyumba za mawe za pwani, kama zile za Bagamoyo na Pangani, zilijengwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ambao mara nyingi haufiki mita 3. Runinga iwekwe kwenye ukuta mfupi, kochi lisiegemee ukuta wa nyuma, na utumie stendi badala ya kutoboa kuta za matumbawe na chokaa, kwa sababu zikichimbwa kwa drili hubomoka na plasta yake si rahisi kurudishiwa.

Ninunue waya wa aina gani, na niupitishe wapi?

Kwa spika za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme, huandikwa nyuma ya spika), waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba unatosha hadi kama mita 10. Njia ikizunguka mkono wa L ikafika mita 15 au zaidi, chukua wa 2.5. Kabla ya kulipa, kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nayo huupinga umeme zaidi. Pitisha waya juu ya dari au katika mfereji wa plastiki kando ya sakafu, mbali na nyaya za umeme mkubwa. Darini uuingize ndani ya bomba, kwa ajili ya panya.

Hakikisha nyekundu inakwenda kwenye nyekundu na nyeusi kwenye nyeusi. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilisumbuka usiku mzima katika nyumba moja ya Makorora nikihamisha spika huku na huku kwa sababu besi ilikuwa imetoweka, kumbe waya mmoja nilikuwa nimeugeuza, spika moja ikisukuma hewa wakati mwenzake inavuta. Siku hizi hutumia betri ya tochi ya volti 1.5: natenganisha waya na risiva, nagusisha kwa mpepeso mmoja, na koni ikitoka nje, upande chanya wa betri uko kwenye waya mwekundu.

Hewa ya chumvi inaziharibu spika?

Ndiyo. Ncha za shaba hugeuka kijani na sauti huanza kukatika-katika. Kila baada ya miezi sita kata sentimita mbili za ncha, uchune upya na ukaze. Unaponunua, bonyeza polepole ukingo wa koni: wa mpira hudumu katika unyevu wetu, wa sponji huoza na kumeguka kama mkate mkavu.

Boksi linasema wati 10,000. Ni kweli?

Si kweli kwa matumizi ya kawaida. Tarakimu zinazoandikwa PMPO hazilingani na kipimo chochote cha kuaminika. Tafuta zilizoandikwa RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Kumbuka pia kwamba kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini isiyo kubwa. Kwa sebule ya kawaida wati 50 za kweli kwa kila spika zinatosha.

Je, spika moja ndefu ya chini ya runinga haiwezi kufanya kazi hiyo yote?

Nyingi hutegemea kurusha sauti kwenye kuta za kando ili irudi kwako. Upande usio na ukuta hautarudisha kitu. Kwa sebule ya mstatili ningekuwa na jibu tofauti.

Taarabu nayo niisikilize kwa spika zote tano?

Ningekusihi usifanye hivyo. Tanga ni mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, na rekodi za namna ile hazikutengenezwa kwa spika za kuzunguka. Risiva ikilazimishwa kuzigawa, sauti ya mwimbaji hupoteza mwili na fidla huelea nyuma ya kichwa. Chagua hali ya spika mbili, uziache zile za mbele zifanye kazi pamoja na ya besi.

Majirani watasikia?

Watasikia besi kabla ya kitu kingine chochote, hasa Ngamiani ambako kuta zinapakana. Iinue spika ya besi juu ya mpira mnene ili mtetemo usiingie sakafuni, usiiweke kwenye ukuta wa pamoja, na ujue hali ya usiku katika risiva yako, ambayo hupunguza milipuko na kuyaacha maneno yasikike. Kisha nenda kwa jirani mwenyewe baada ya isha, umwombe akuonyeshe chumba anacholala, usikilize ukiwa kwake huku mtu akicheza filamu kwako. Hapo utajua namba ya sauti usiyopaswa kuivuka.

Nitoboe kuta lini?

Baada ya juma moja. Spika zikae kwenye viti, ndoo na meza mahali palipopimwa, nyaya zikiwa sakafuni zimebanwa kwa utepe, na watu wa nyumbani watazame vipindi vyao kama kawaida. Katika siku hizo kochi huhama, mtoto hupata kona yake, na mara nyingi spika moja husogezwa sentimita 20 na kila mtu anakubali kuwa hapo ndipo. Alama ya chaki ikikaa siku tatu bila kufutwa, mwite fundi alete drili.